Kupe, Papasi na Neno "Malaria": Lugha na Utambuzi wa Homa Mjini Isiolo

Makala haya yanachunguza namna majina ya viumbe na ya maradhi yanavyosaidia au kukwamisha utambuzi wa homa mjini Isiolo. Msingi wa mjadala ni maneno mawili, kupe na papasi, ambayo baadhi ya wafasiri wa vijitabu vya afya huyatumia kana kwamba ni visawe. Si visawe hata kidogo.

Isiolo ni lango la kaskazini mwa Kenya. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru hukutana sokoni humo, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Mfugaji atokaye Merti au Garba Tula huwa na jina lake la kupe: Msomali humwita shilin, na katika Kioromo huitwa silmii. Hata hivyo, mbele ya mhudumu wa zahanati hulazimika kujieleza kwa Kiswahili, na mara nyingi kauli yake ya kwanza huwa "nina malaria". Neno hilo limepanuka kimaana hadi likawa sawa na homa yoyote ile. Mwanaisimu ataona hapo mfano mzuri wa upanuzi wa maana. Mgonjwa hupewa dawa za malaria asiyokuwa nayo.

Kupe, ambaye kibayolojia ni jamaa ya buibui, ana gamba gumu mgongoni. Huvizia nyasini, humng'ang'ania ng'ombe, ngamia au mtu kwa siku kadhaa, na huonekana waziwazi akiwa amevimba kwa damu. Papasi ana ngozi laini yenye makunyanzi. Huishi katika nyufa za sakafu na kuta za nyumba za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda usiozidi saa moja, kisha hurejea mafichoni kabla ya aliyelala kuamka.

Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha maradhi mawili yaletwayo na bakteria wa ukoo mmoja, borelia, wenye umbo la msokoto. Ugonjwa wa kwanza ni wa Lyme, uliopewa jina la mji ulioko Connecticut, Marekani, ambako visa vyake vilianza kuchunguzwa miaka ya 1970. Bakteria wake alitambuliwa na Willy Burgdorfer, na matokeo yakachapishwa mwaka 1982. Huenezwa na kupe wa misitu ya Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia. Dalili yake mashuhuri ni baka jekundu linalotanuka, ambalo hujitokeza kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa. Baadaye huweza kufuata maumivu ya viungo au kupooza upande mmoja wa uso. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, nazo huchukua majuma kadhaa kujitokeza. Kwa hiyo jibu hasi la mapema halitoshi kuuondoa ugonjwa.

Wa pili ni homa ya papasi, na huu ndio wa Afrika Mashariki. Joseph Everett Dutton, tabibu Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza nchini Kongo, alikufa kwa homa hiyohiyo huko Kasongo mwaka 1905. Nchini Tanzania eneo la Dodoma limechunguzwa sana. Karibu zaidi na Isiolo, G. A. Walton aliandika kuuhusu katika wilaya ya Meru mwaka 1950. Homa hupanda kwa takribani siku tatu, hutulia kwa juma moja hivi, kisha hurudi, kwa sababu bakteria hubadilisha vazi lao la nje kila kinga ya mwili inapowatambua. Huweza kuonekana kwa hadubini katika tone lilelile la damu linalochukuliwa kupima malaria, ila mgonjwa akipimwa siku ya nafuu huenda wasionekane kabisa. Viuavijasumu kama doksisaiklini huitibu.

Isiolo ina mshukiwa mwingine asiyehitaji kupe wala papasi: bruselosi, ipatikanayo kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kugusa mnyama aliyeharibu mimba. Nayo huleta homa ya kwenda na kurudi, jasho na maumivu ya viungo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika katika vituo vya afya nchini Kenya kiliwapa wengi jibu chanya lisilo la kweli.

Katika msongamano huo wa dalili, historia ya mgonjwa huwa na uzito mkubwa, na historia hutolewa kwa maneno. Chukulia fomu iliyotafsiriwa ikiuliza: "Je, umeumwa na kupe?" Mfanyabiashara aliyelala katika nyumba kuukuu ya udongo hakuona kupe yeyote mwilini. Hujibu "La", na husema kweli. Lau angeulizwa alilala wapi, na kama nyumba hiyo ina papasi, mhudumu angemwagiza arudi siku homa itakapopanda tena, apimwe damu upya.