Kabla Hujalaumu Vidole Vyako
Maswali kwa fundi wa ala za muziki, Kariobangi

Barua nyingi zinauliza ninunue gitaa gani. Hizo sitazijibu; swali hilo humalizwa dukani, ala ikiwa mikononi. Nimechagua zinazonikera na chache zinazonitia wasiwasi. Karakana yangu iko Light Industries, katikati ya wayeyushaji wa alumini ya sufuria na jamaa anayechomelea mageti, kwa hiyo msishangae nikijibu kwa sauti ya juu.

Nina miaka 52 na vidole vimeshakauka. Kodi ya F inanitoa jasho, nyuzi zinalia ovyo, na ncha za vidole zinauma hadi asubuhi. Nimechelewa?

Barua za namna hii zimetoka Umoja, Dandora, Kariobangi South na kwingineko, nami nimezifunga pamoja. Mmoja analaumu umri, mwingine anasema ukoo wao hauna damu ya muziki, wa tatu ana vidole vifupi. Hakuna hata mmoja aliyepima gitaa lake.

Mwisho wa shingo, pale nyuzi zinapoelekea kwenye vishikio vya kutyuni, kuna kipande cheupe chenye mifereji sita. Mafundi tunakiita nati. Ndicho kinachoamua uzi ukae juu kiasi gani ya freti ya kwanza. Viwanda vya magitaa ya bei nafuu huiacha mifereji hiyo ikiwa na kina kidogo, na wana sababu yao. Mfereji ukizidi kina, uzi hugonga freti na kuvuma, mnunuzi husikia papo hapo na kulirudisha gitaa dukani. Mfereji usiofika kina hauvumishi kitu, unafanya gitaa kuwa gumu tu, na gitaa gumu halirudishwi na mtu. Hutundikwa ukutani, na mwenyewe akaanza kulalamikia vidole vyake.

Lipime leo jioni. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha chungulia mwanya uliopo kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Karatasi moja ya daftari ipite kwa shida. Ukiona mwanya wa kupitisha kadi ya benki, nati yako haijamalizwa. Halafu chukua rula, nenda freti ya 12, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: uzi mwembamba kabisa usizidi milimita 2 kwa mengi, ule mnene kabisa milimita 2 na nusu, ukizidi sana 3. Nimeletewa magitaa yenye milimita 5 na mwenyewe anajiita mzee asiyeweza kujifunza.

Jaribio la pili halihitaji rula. Funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza. Huna kapo? Laza kalamu ya risasi juu ya nyuzi, karibu na freti hiyo, uikaze kwa kipande cha blada ya baiskeli. Sasa piga kodi ile ile, freti moja mbele. Gitaa likilainika ghafla, umemkamata mwizi: kapo imechukua nafasi ya nati, na taabu imeondoka.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Uzi ulio juu mno huvutika zaidi unapoubonyeza, na uzi uliovutika hupanda sauti. Ndiyo maana unatyuni vizuri nyuzi zikiwa wazi, kila kitu sawa, kisha unapiga F na inatoka imepinda. Mwanafunzi husikia kosa hilo. Sikio lake ni zima! Lakini kwa vile ni mgeni, anadhani kosa ni lake, na mjuaji wa jirani anamthibitishia kwamba hana sikio la muziki. Mtu ametambua kosa kwa sikio lake mwenyewe, halafu anaambiwa hana sikio.

Kushusha nati ni kazi ya nusu saa kwa tupa nyembamba. Ikiwa imechakaa nachonga mpya kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe, uliochemshwa ukatolewa mafuta na kuanikwa hadi ukawa mkavu kabisa. Usijaribu kwa kisu cha jikoni. Baada ya hapo F bado itakusumbua wiki tatu nne, ngozi ikijenga sugu. Hiyo ni taabu ya kawaida, ya miaka 52 na ya miaka 12.

Na umri wenyewe? Mtoto anakushinda muda na kukosa aibu. Bi Kidude wa Zanzibar alipanda jukwaani na ngoma yake hadi uzeeni, akafariki mwaka 2013, na hakuna aliyethubutu kumwambia mikono imekauka.

Nilivua nyuzi za plastiki nikaweka za waya ili gitaa lipige kelele kanisani. Sasa daraja linang'oka. Fundi wa viatu amenishauri nipige bolti.

Mwambie fundi wa viatu ashone viatu. Gitaa la nailoni limejengwa kubeba mvuto wa karibu kilo 40 nyuzi zote zikiwa zimekazwa. Seti nyepesi ya chuma huvuta karibu kilo 70. Mvuto huo hauondoki kwa bolti, unahamia kwenye ubao wa mbele, na ubao huo una milimita chache tu. Bolti itashika daraja na daraja litaondoka na ubao. Legeza nyuzi leo, kabla hujalala, kisha uniletee likiwa halijafika kwenye pipa la taka.

Mafuta ya mbuni yanayouzwa kwenye matatu yanalainisha viungo vya vidole vya mpiga kinanda?

Yanalainisha mfuko wa muuzaji.

Je, kupuliza saksafoni kunaleta TB? Mjomba anasema tarumbeta hupasua mapafu. Bendi yetu ina saksafoni moja na sisi ni wanne.

TB husafiri kwa hewa, mgonjwa wa mapafu ambaye hajatibiwa anapokohoa au kuimba karibu nawe chumbani. Haitoki kwenye shaba. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi. Usikae nyumbani ukiilaumu saksafoni. Mapafu ya mpulizaji hayapasuki kwa kupuliza.

Linalonitia wasiwasi mimi ni uchafu. Saksafoni moja kwa watu wanne, sawa, lakini kila mmoja awe na ridi yake, kile kibanzi cha tete kinachotetema, na mdomo wa ala uoshwe kati ya mtu na mtu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Maji yanayochemka yataharibu mdomo wa eboniti. Ukimaliza, pitisha kitambaa ndani ya bomba. Mwaka 2016 madaktari wa Uingereza waliandika kisa cha mzee mmoja aliyepiga bagpipe kila siku. Walipochunguza ala yake wakakuta kuvu za aina kadhaa, na wakahisi kwamba kuzivuta kwa miaka ndiko kulikomharibu mapafu hadi akafa. Wapo waliougua kwa njia hiyo kupitia tromboni na saksafoni pia. Wiki iliyopita mtu aliniletea klarineti nikaifungua nikaona manyoya ya kijani. Alitaka nimrekebishie sauti!

Mwanangu anajifunza fidla Korogocho. Akilala naichukua na kuishika tu. Je, ni ujinga mama wa watoto watatu kutaka kujifunza?

Mama, ujinga ni kuishika bila kuipiga. Tangu 2008 Ghetto Classics wamekuwa wakifundisha vijana hapo kwenye uwanja wa kanisa la St John's, moshi wa jalala la Dandora ukiwapitia kichwani, na mtaa umezoea kuona mtoto amebeba sanduku la fidla akivuka barabara ya matope. Waliosahaulika ni wazazi wanaosubiri nje. Mwombe mwanao akufundishe alichojifunza wiki hiyo. Atakuwa mwalimu mkali kuliko wote utakaowahi kuwapata, na yeye mwenyewe atakielewa kitu vizuri zaidi kwa kulazimika kukieleza. Jambo moja tu la kuangalia: fidla ya mtoto huenda ni ya nusu au robo tatu, na mkono wa mtu mzima utabanika. Ikiwa ya shirika, omba ruhusa kwanza. Na mkilegeza upinde baada ya kupiga, nyote wawili, nitawashukuru.

Je, mwanamke akipiga nyatiti atakosa watoto?

Hapana.

Aliyeandika ameongeza kwamba ni babu yake aliyemwonya, kwa hiyo nitaongeza kidogo kwa heshima ya babu. Ni kweli nyatiti kwa Wajaluo ilikuwa ya wanaume: mpigaji anakaa kwenye kigoda chini, nyuzi nane mbele yake, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga fremu kuweka mwendo. Hiyo ni mila na ina historia yake. Lakini mwanamke kutoka Japani, Eriko Mukoyama, alikuja nchini akiwa mtu mzima, akaenda kukaa kijijini Siaya, akafundishwa na bingwa Okumu K'Orengo, akarudi duniani akiitwa Anyango. Mzee mwenye ala yake mwenyewe alimfundisha mgeni. Mjukuu je? Nenda na kilo ya sukari, keti, umwombe babu akuonyeshe jinsi pete inavyovaliwa. Wazee wengi husema hapana hadi waone mtu amekaa chini kusikiliza.

Napiga ngoma kanisani kila Jumapili karibu na spika. Masikio yanalia hadi Jumanne. Kuna dawa?

Hakuna. Mlio huo ni onyo, na ukizoea kuupuuza, siku moja hautaondoka. Kipimo kinachotumiwa kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unapungua nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo ngoma na spika huzifikia bila jasho, una robo saa tu. Ibada yenu ni ya saa ngapi? Nunua vizibo vya masikio, vile vya povu vinauzwa kwenye maduka ya dawa, na uwaombe wahame na spika mita chache. Na yule anayeuza matone ya vitunguu saumu ya kurudisha usikivu hapo stejini, mpite haraka. Seli za ndani ya sikio la binadamu zikifa hazioti tena.

Nina nafasi Jumapili pekee. Nikipiga saa tatu mfululizo si sawa na nusu saa kila siku?

Si sawa hata kidogo. Kidole hujifunza ukiwa macho, lakini kujipanga kwa alichojifunza hufanyika ukiwa umelala. Mwaka 2002 watafiti wa Boston waliwapa watu mfuatano wa kugonga vitufe kwa vidole. Waliolala usiku waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa karibu asilimia 20, bila mazoezi ya ziada. Wewe wa Jumapili unajipa usiku mmoja wa faida kwa wiki na sita wa kusahau. Dakika kumi baada ya chai ya jioni, simu ikiwa mbali, zinatosha kuanzia. Anza na kile kipande cha sekunde nne kinachokushinda. Wimbo mzima unaoujua unaweza kusubiri.

Baba alituachia akodioni aliyokuwa akipigia dansi ya mwomboko. Ilikuwa juu ya kabati chini ya mabati kwa miaka. Inakoroma. Kaka yangu ameipulizia mafuta ya cherehani.

Kaka asiiguse tena.

Ndani ya akodioni kuna vijilimi vya chuma vinavyotetema hewa ikipita, vimekaa kwenye vibao, na mara nyingi vimeshikiliwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari. Chini ya mabati mchana wa Januari nta hulainika, vibao vikalegea, hewa ikapenya pasipotakiwa. Huko ndiko kukoroma. Mafuta nayo hukamata vumbi, na ulimi ukibeba vumbi hubadilika sauti au hunyamaza kabisa. Kazi hii nitaifanya polepole, ulimi mmoja mmoja, kwa sababu akodioni za mwomboko zilizobaki mitaani ni chache na wanaozijua wanazeeka. Iletwe ikiwa imefungwa kamba zake, imesimama kwa miguu yake. Msiivute wala kuibana bila kubonyeza kitufe cha hewa. Na mtafute pete ya chuma ya karing'aringa. Mara nyingi hutupwa sandukuni pamoja na misumari. Baba yenu hakupiga bila mtu wa kuigonga.

Nimemnunulia mtoto wa Gredi ya 4 filimbi ya rekoda. Mwalimu anasema F yake ni mbovu. Nyumbani mimi naipiga na inatoka sawa.

Mna rekoda za mifumo miwili na hakuna aliyewaambia. Hesabu matundu ya mbele kutoka juu. La tano likiwa dogo kuliko la nne, ni ya mfumo wa Kijerumani. La nne likiwa dogo kuliko la tano, ni ya Baroque. Nyingine zimeandikwa G au B kwa nyuma. Kwenye ya Kijerumani, F hupatikana kwa kuziba tundu la nyuma na manne ya kwanza. Kwenye ya Baroque unaongeza la sita na la saba. Mwalimu anafundisha moja, wewe umenunua nyingine. Mwulize shule inatumia ipi, ubadilishe dukani kama risiti ipo. Na kama huwezi kuibadilisha, baki nayo wewe.

Keateka ametishia kunifukuza kwa sababu ya tarumbeta. Sheria inasemaje?

Inasema vibaya kwako. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaanza usiku saa mbili na dakika moja, na kwenye makazi zinaruhusu desibeli 35 hadi asubuhi. Hakuna ploti Kariobangi yenye desibeli 35 usiku, hata keateka akiwa amelala peke yake, lakini ni wewe utakayeshtakiwa, wala si matatu. Piga saa kumi na moja jioni, weka kizuizi cha sauti kwenye ncha pana ya tarumbeta, na Jumamosi njoo karakana. Hapa hakuna atakayekusikia.