Neno la Mzazi Lishike: Kuongea na Mtoto wa Miaka Mitatu hadi Mitano
Kwa wazazi na walezi wa Carama

Mtoto mdogo hupima mamlaka ya mzazi kwa jambo moja: je, alichosema kinatokea? Mama anatoka soko la Kinama, mtoto analilia biskuti. Mama anakataa mara tatu, mara nne, kisha ananunua ili kilio kiishe. Mtoto huyo si mtundu. Amejifunza kwamba hapana ya mama huvunjwa kwa kelele, na kesho atalia zaidi. Kwa hiyo jiulize kwanza kama utalisimamia neno lako. Ukijua utakubali, kubali mapema kwa moyo mweupe. Ukikataa, kataa mara moja kwa sauti ya kawaida, na umpe sababu fupi: "Leo hapana, pesa hii ni ya ndagala."

Usimwite kwa kelele kutoka uani. Msogelee, chuchumaa macho yenu yakutane, mpe agizo moja. "Acha ujinga!" haimwambii afanye nini; "Weka kikombe mezani" inamwambia. Panapowezekana mwachie achague: aoge kabla ya kula au baada ya kula? Kuoga ni lazima, na hilo umeliamua wewe.

Vitisho tuvikomeshe

"Polisi atakuchukua." "Daktari atakuchoma sindano." Maneno haya tunayasikia kila siku, na yana madhara. Mtoto akipotea njiani atamkimbia askari ambaye angemrudisha nyumbani. Akiugua, kumfikisha kituo cha afya kunakuwa vita. Nasi wa mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, iliyoumizwa sana na vita vilivyoanza mwaka 1993, tunaijua hofu ya kweli. Haifai kuwa chombo cha kumlaza mtoto. Vilevile "ngoja baba arudi" humfanya baba kuwa fimbo, na mtoto anayesubiri fimbo hamkimbilii baba yake mlangoni.

Na kipigo? Kofi humnyamazisha mtoto kwa dakika chache na kumfundisha kuficha. Wengi wanaogopa kwamba bila kipigo heshima itapotea. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Burundi imeuridhia, unadai yote mawili: ibara ya 31 inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wazee, na ibara ya 20 inawataka wazazi watoe nidhamu nyumbani kwa ubinadamu, bila kuvunja utu wa mtoto. Mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind, aliyechunguza watoto wa chekechea katika miaka ya 1960, aliona kuwa waliojitawala na kujiamini zaidi walilelewa na wazazi wenye masharti thabiti waliowasikiliza na kuwaeleza sababu. Wakali wasiosikiliza hawakupata matokeo hayo, wala wapole wasiokataza kitu.

Kusikiliza kunahitaji muda kidogo tu. Unapopepea mbabula, muulize alicheza na nani, kisha ngoja jibu. Mtoto wa umri huu hutafuta maneno polepole. Ongea naye lugha unayoimudu vizuri, iwe Kirundi au Kiswahili. Kifaransa atakikuta shuleni, na kuchanganya lugha si ugonjwa.

Wanaolea ni wengi

Bibi, dada mkubwa, msichana wa kazi: wote wanamlea. Mama akikataza simu na bibi akaitoa, mtoto atajua mlango wa kupitia. Kubalianeni masharti machache yanayowafunga wote, na msibishane mbele yake.

Ziko siku maji ya bomba yamekatika, makaa yamekwisha, na subira nayo imekwisha. Ukihisi mkono unataka kupiga, mwache mtoto na mtu mwingine, utoke nje upumue. Hali ikijirudia, ongea na jirani unayemwamini, kamati ya ulinzi wa mtoto ya mtaa au kituo cha maendeleo ya familia cha komine. Nenda mapema, kabla mtoto hajaumia.