Vipande Vinne vya Sukari: Mwanafunzi wa Udaktari na Raha Zake Ndogo katika Hadithi ya Anton Chekhov

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuichunguza hadithi fupi moja ya Kirusi, "Anyuta", iliyotungwa na Anton Chekhov na kuchapishwa mwezi wa Februari 1886. Huenda msomaji akauliza hadithi ya Kirusi inatafuta nini katika jarida la wapenzi wa Kiswahili. Swali hilo ni la haki. Sisi tunaosomea fasihi tumezoea kuifikia hadithi fupi tukiwa na orodha mkononi: dhamira, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha. Orodha hiyo ina faida zake, hasa siku ya mtihani. Lakini ziko hadithi ambazo ukizipitisha katika orodha zinatoka zikiwa mifupa mitupu, na "Anyuta" ni mojawapo. Isitoshe, mtu akijaribu kuitia katika Kiswahili, kama mwandishi wa makala haya alivyojaribu, atakumbana na maswali ya lugha ambayo hayajibiwi na kamusi peke yake.

Inafaa kukiri mapema kwamba sisomi Kirusi. Hadithi hii nimeisoma kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Constance Garnett iliyotolewa mwaka wa 1916, na katika mambo mawili matatu nimesaidiwa na mhadhiri aliyewahi kusomea Urusi.

Mwandishi na ujana wake

Chekhov alizaliwa mwaka wa 1860 katika mji wa Taganrog, kusini mwa Urusi. Baba yake alikuwa na duka. Duka likafilisika, na mwaka wa 1876 jamaa wakahamia Moscow huku Anton akiachwa nyuma amalize shule. Alipowafuata mwaka wa 1879 alijiandikisha kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Moscow, akiwa na msaada wa masomo kutoka mji wake wa rubli 25 kwa mwezi. Jamaa ilikuwa kubwa na makao yalikuwa duni. Basi akaanza kuyaandikia magazeti ya vichekesho ili nyumba ipate kula. Kazi yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1880, naye akalipwa kopeki 5 kwa kila mstari. Ikumbukwe kwamba rubli moja ni kopeki 100. Hesabu hii tutairudia.

Alihitimu mwaka wa 1884, na mwezi wa Desemba mwaka uo huo akatema damu kwa mara ya kwanza. Kifua kikuu ndicho kilichomuua mwaka wa 1904, akiwa na umri wa miaka 44. Nayataja haya kwa sababu mwanafunzi tutakayemkuta katika hadithi anajifunza habari za mapafu, na aliyemwumba alikuwa daktari mwenye pafu bovu. Sidai kwamba hadithi "inamaanisha" ugonjwa wa mwandishi. Nasema tu kwamba mtu huyu alijua vilivyo anachokitaja.

Chumba na baridi yake

Masimulizi yenyewe ni mafupi mno. Katika chumba cha bei ya chini kabisa cha nyumba ya kupangisha iitwayo Lisbon, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Klochkov, anatembea huku na huko akikariri anatomia. Dirishani, penye kioo kilichotandwa na jalidi, ameketi msichana kwenye kigoda. Huyo ndiye Anyuta, mwenye umri wa miaka 25 hivi, mwembamba, mweupe wa uso. Anadarizi ukosi wa shati la mtu. Saa ya ukumbini imekwisha kugonga saa nane za mchana na kitanda hakijatandikwa. Ndoo ya maji machafu ya sabuni imesimama hapo, na vichungi vya sigara vinaelea ndani yake.

Tazama kwanza jina la nyumba. Lisbon ni mji mkuu wa Ureno, mji wa jua na bahari. Kuliita kwa jina hilo jumba la vyumba baridi katikati ya majira ya baridi ni kinaya ambacho mwandishi hakusimama kukieleza. Msomaji wa hapa kwetu hatashangaa sana. Nani asiyeijua ploti ya vyumba vya mabati iliyopewa jina la mji wa ng'ambo?

Baridi ya Moscow si ile ya Limuru mwezi wa Julai. Mwezi wa Desemba mchana wake ni wa saa saba tu, na theluji hulala miezi. Chekhov lakini hatuelezi hayo hata kidogo. Anatupa kioo chenye jalidi, midomo iliyogeuka rangi ya samawati na vidole vya mwanafunzi ambavyo msichana anavilalamikia kuwa vya baridi. Baridi yote ya hadithi imo katika miili ya watu wawili, na hasa katika mwili wa mmoja.

Klochkov amekwama katika mbavu. Ubavu wa kwanza haupapasiki kwa kuwa umejificha chini ya mtulinga, na hizo nyingine zinamchanganya. Anamwambia Anyuta avue blauzi. Anampapasa, anahesabu, kisha anachukua kalamu ya kuchorea na kumpigia mistari kifuani kufuata mbavu zake, halafu anamgonga kwa vidole kama daktari agongavyo kifua cha mgonjwa. Anyuta anatetemeka. Na hapa pana jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini: hofu yake haihusu baridi. Anachelea kwamba mwanafunzi akiuona mtetemeko wake ataacha kuchora, na akiacha kuchora pengine atashindwa mtihani.

Nilipoisoma sehemu hii nilikumbuka jambo langu mwenyewe. Niliwahi kuishi chumba kimoja na mwanafunzi wa udaktari. Usiku mmoja wa Julai, mtihani ukiwa karibu, aliniomba anihesabu mbavu. Vidole vyake vilikuwa kama bomba la maji la alfajiri, nami nilicheka hadi tukagombwa na jirani. Alipomaliza alichemsha chai, tukainywa na mkate uliokauka, na hadi leo naihesabu chai hiyo miongoni mwa chai bora nilizopata kunywa. Tofauti kati yangu na Anyuta si kubwa kwa macho: mwili ule ule, mbavu zile zile kumi na mbili kila upande. Ila mimi niliombwa. Tena chai ilinunuliwa na yeye.

Raha ndogo na anayezilipia

Raha za mwanafunzi wa majira ya baridi zinafahamika: chai ya moto, sukari, tumbaku, blanketi, na mtu wa kuzungumza naye. Katika chumba cha Klochkov tumbaku imekwisha, chai imekwisha, na sukari imebaki vipande vinne. Anyuta anawaza amalize kudarizi, apeleke ukosi kwa mwenyewe, apate robo rubli, anunue chai na tumbaku.

Turudi basi kwenye hesabu yetu. Robo rubli ni kopeki 25. Kwa malipo yale ya kwanza ya Chekhov, hiyo ni mistari mitano ya kuchekesha. Mwandishi aliyewahi kuilisha nyumba yake kwa mistari aliijua thamani ya kopeki 25 kwa undani usiotokana na vitabu. Kwa hivyo sioni kuwa kiasi hicho kimewekwa pale kama pambo la uhalisia.

Katika semina yetu mmoja wetu alimweleza Klochkov kuwa mhusika mkuu, "mwenye bidii", naye Anyuta akaandikwa kuwa mhusika msaidizi, "mnyenyekevu na mvumilivu". Majibu hayo yangepata alama. Lakini mtu akiuliza bidii hiyo inategemea nini, orodha nzima inapinduka. Bidii ya Klochkov inategemea kifua cha Anyuta. Raha yake ya chai inategemea sindano ya Anyuta. Naye si wa kwanza. Kwa miaka sita au saba Anyuta amehama chumba hadi chumba, na Klochkov ni mwanafunzi wa sita kuishi naye. Wale watano waliotangulia wamehitimu na kumsahau: wawili ni madaktari, mmoja ni mchoraji, mmoja yuko Paris, na mmoja yasemekana amekuwa profesa. Chekhov anaitaja orodha hii kwa utulivu wa kutisha, kama mtu anayesoma majina ya mahafali.

Kisha anaingia mchoraji Fetisov kumwazima Anyuta ili akae achorwe. Anaazimwa kama kitabu, na anakwenda. Kabla ya kuondoka naye, mchoraji anamkemea Klochkov kwamba mtu msomi hapaswi kuishi katika uchafu namna ile. Maneno hayo yanamwingia. Akibaki peke yake anaona kama ndotoni siku zake zijazo: chumba chake cha kupokelea wagonjwa, chai katika chumba kipana cha kulia, mke mwenye heshima. Anaitazama ile ndoo, anamwona Anyuta kuwa mmoja na uchafu ule, na anaamua waachane leo hii.

Anyuta anarudi akiwa hoi kwa kusimama muda mrefu. Anaambiwa. Habishi. Anavaa koti, anakunja kazi yake katika karatasi, anakusanya uzi na sindano. Halafu anaokota dirishani kile kifurushi cha vipande vinne vya sukari, anakiweka mezani kando ya vitabu, na kusema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ni sukari ya mwenyewe.

Hapa ndipo nilipoiweka kalamu chini mara ya kwanza nilipokuwa nikitafsiri. Mtu anayefukuzwa anarudisha sukari! Klochkov naye anaona haya, anawaza amwache akae wiki moja zaidi, na kwa kuwa ameona haya anamfokea.

Matatizo ya kutafsiri

Mintarafu ya lugha, tatizo la kwanza ni baridi yenyewe. Kiswahili kina "theluji" kutoka Kiarabu na "barafu" kutoka Kiajemi, ambako neno lenyewe lina maana ya theluji. Sisi tumezigawa kazi, theluji ikawa ya kuanguka na barafu ikawa ya kuganda. Ile iliyotanda kioo cha Anyuta si hii wala ile. Nimetumia "jalidi", neno la kamusini ambalo wenzangu wengi hawakulitambua. Lakini mkulima wa chai wa Limuru au Kericho anakifahamu kitu hicho vizuri, maana kikishuka usiku wa anga tupu asubuhi majani yake yameungua. Kwa hiyo si kweli kwamba Mkenya hana tajriba ya jambo hili, ila neno lake limesinzia.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Mhadhiri niliyemtaja alinieleza kwamba katika Kirusi Anyuta humwita Klochkov kwa kiwakilishi cha wingi cha heshima, hali Klochkov humwita Anyuta kwa kile cha umoja, wamtumiacho watu kwa mtoto, rafiki au mtumishi. Kiingereza kimeufuta mpaka huo. Kiswahili sanifu nacho kina "wewe" moja kwa wote, na nikiandika "sukari yenu" msomaji atadhani chumbani wamo wanaume wawili. Nimejaribu kumpa Anyuta neno "bwana" katika kila usemi wake, na Klochkov nisimpe neno lolote la kumwitia, wala jina. Wapo waliopinga wakisema "bwana" huweza kusikika kama mume. Naona utata huo unafaa: Anyuta hana mume, ana bwana tu.

Ipo pia hadithi ya Chekhov ya mwaka wa 1888, "Pripadok", ambamo wanafunzi watatu, mmoja wao wa udaktari, wanatoka usiku wa theluji ya kwanza kwenda mtaa wa makahaba. Wa udaktari anacheka na kunywa. Wa sheria anaugua roho, akishangaa theluji safi inawezaje kuanguka mahali kama pale. Ni hadithi ndefu na yenye hotuba zaidi. Binafsi naipenda "Anyuta" kwa kuwa hakuna anayeshangaa ndani yake.

Nikamilishe na samawari, lile birika kubwa la chai lenye makaa tumboni. Katika mistari ya mwisho Anyuta amerudi kwenye kigoda chake dirishani na Klochkov ameanza tena kukariri, pafu la kulia na sehemu zake tatu. Ukumbini sauti ya mtu inamwagiza mtumishi alete samawari. Mwanafunzi mmoja katika semina aliuona mwisho huu kuwa wa faraja, ishara ya maisha kuendelea. Nikamrudisha kwenye ukurasa wa pili. Anyuta alishinda kwa mchoraji, ukosi haukupelekwa kwa mwenyewe, na ile robo rubli haikupatikana. Anayeitisha samawari yu katika chumba kingine. Katika chumba hiki chai bado haijanunuliwa.