Umeme wa Kijito: Pima Mto Kiangazi

Mtu akitafuta mahali pa kujenga mtambo mdogo wa umeme, macho hukimbilia maporomoko yenye kishindo. Lakini kishindo cha masika hakiwashi taa mwezi Februari. Mto upimwe maji yakiwa yamepungua.

Tafuta mteremko. Vituo vya umeme vya Hale (MW 21, 1964) na Pangani (MW 68, 1995), mkoani Tanga, viko pale Mto Pangani unaposhuka kwa kasi kuelekea pwani. Ukifika tambarare, mto hupanuka lakini haushuki. Kwa hiyo panda juu: vijito vya Zigi upande wa Amani, vya Lwengera, au Umba unaotokea Shagayu.

Pima kimo. Jaza maji kwenye mpira mweupe wa fundi mwashi, shuka kipande kwa kipande ukipima tofauti ya kimo, kisha jumlisha.

Pima maji. Kijito chembamba, kinga kwa ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde hadi ijae. Kikiwa kipana, chagua mita 10 zilizonyooka, pima upana na kina cha wastani, kisha tupia chungwa majini. Upana wa mita 1, kina cha mita 0.2, chungwa likipita kwa sekunde 20: mita za ujazo 0.1 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.7, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Unapata lita 70 kwa sekunde.

Piga hesabu. Lita kwa sekunde, mara mita za kimo, mara 5, ni makisio ya wati. Lita 70 zikishuka mita 30 hutoa takriban kilowati 10. Usichukue maji yote. Viumbe wa mtoni na watu walio chini ya mto wanayahitaji.

Uliza wenyeji. Mto umewahi kukauka? Wakulima wa mboga hufungulia maji mashambani lini? Mafuriko hufika wapi? Takataka zilizonasa kwenye matawi zitakuonyesha. Nyumba ya mashine ikae juu ya alama hiyo.

Tazama umbali na vibali. Kila mita ya waya ni gharama, na gridi ya taifa ikikaribia wateja watahama. Nenda Bodi ya Maji Bonde la Pangani kwa kibali cha maji na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kwa taratibu za umeme. Ndani ya Hifadhi ya Amani, anza na TFS, wakala wa huduma za misitu.

Rudia vipimo Septemba na Februari. Nunua mashine kwa kipimo kidogo kuliko vyote, hata kama kijiji kinatamani mashine kubwa.