Mafunzo Niliyopata kwa Kufunga Runinga Juu ya Meko

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake haina mzaha. Ndiyo maana huku si ajabu kukuta sebule yenye meko ya kuotea moto, iwe nyumba ya zamani ya shamba la chai au ya juzi tu. Kazi yangu ni kufunga runinga na ving'amuzi, na msimu wa baridi ukikaribia swali huwa ni lile lile: “Fundi, tivi si ikae hapa juu ya moto?” Mara nyingi jibu langu ni hapana. Sababu nimezikusanya nyumba kwa nyumba.

1. Shingo huanza kulalamika kabla ya runinga

Mtu akikaa kwenye kochi, macho yake huwa kwenye kimo cha mita 1 au zaidi kidogo kutoka sakafuni. Katikati ya kioo panatakiwa pawe hapo hapo, au juu kidogo tu. Sasa pima meko: mdomo wa moto, tofali za juu yake, kisha rafu ya kuwekea saa na picha za harusi. Ukifika juu ya rafu tayari uko mita 1.3 au 1.4. Runinga ya inchi 55 ina kimo cha karibu sentimita 70, kwa hiyo katikati yake itakaa karibu mita 1.7, usawa wa macho ya mtu mrefu aliyesimama. Taarifa ya habari utaitazama bila kuhisi kitu. Mechi ya Simba na Yanga utaimaliza umeshika kisogo.

Ndiyo maana kabla ya kutoa drili nabandika boksi la runinga ukutani kwa selotepu, kisha namwomba mwenye nyumba akae mahali anapokaa siku zote. Simwulizi kitu, namtazama tu. Akianza kuteleza, kiuno kikija mbele na kichwa kikitafuta pa kuegemea, mwili wake umeshanipa jibu. Wapo wanaosema breketi ya kuinamisha itamaliza tatizo. Inasaidia picha, kwa sababu vioo vingi vya LCD hupauka vikitazamwa kutoka chini, lakini shingo itaendelea kutazama juu vile vile.

2. Joto hupimwa, halikisiwi

Vitabu vya maelekezo vya runinga nyingi hutaja nyuzi joto 40 kuwa ukomo wa joto la mahali inapotumika. Nyuma ya kioo kuna taa ndogo, gundi na kapasita, na kwa kadirio la mafundi wa elektroniki, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa karibu nusu. Runinga haitalipuka siku ya kwanza. Itaanza kwa kuonyesha kivuli pembeni, na wakati huo hakuna atakayekumbuka moto.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Bandika kipimajoto ukutani pale itakapokaa runinga, kisha washa moto kwa kuni unazotumia kila siku na kwa wingi ule ule. Huku kwetu kuni nzuri ni za mwati, nazo zina moto mkali. Usisome kipimo baada ya dakika 10 ukaridhika. Tofali hupokea joto polepole na kulitoa polepole, hivyo ukuta unaweza kuendelea kupanda joto hata miali ikianza kushuka. Acha saa 2 au 3 zipite. Meko yenye rafu pana iliyojitokeza mbele husukuma joto lije chumbani, na ukuta wa juu hubaki na nafuu. Meko yasiyo na rafu hupeleka joto moja kwa moja mgongoni mwa runinga.

3. Ukuta mweusi umeshasema

Tazama juu ya mdomo wa meko. Ukiona masizi yamepanda kwenye rangi, jua moshi unarudi sebuleni: dohani ni chafu, ni fupi, au kuni ni mbichi. Kuni za msindano zina utomvu mwingi, na zikiwa mbichi huacha lami ndani ya dohani upesi. Runinga hupumua kupitia matundu ya nyuma, na masizi yakiingia humo hushikana na vumbi na kuzuia joto kutoka. Mwenye ukuta wa namna hii namwambia amtafute kwanza fundi wa kusafisha dohani, mimi aniite baadaye.

4. Jua kilicho nyuma ya tofali

Ukuta wa juu ya meko mara nyingi ndani yake ndimo inamopita njia ya moshi. Ukitoboa ukafika huko, umefungua mlango wa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu na inayoua watu usingizini. Ikiwezekana muulize mwashi aliyejenga unene wa ukuta. Asipopatikana, tazama dohani inavyotokea juu ya paa upate kukisia njia yake, na usipokuwa na uhakika usitoboe. Tena, vile vishikizo vya plastiki vya skrubu si vya ukuta unaopata moto, kwa sababu plastiki hulegea. Tumia bolti za chuma zinazotanuka ndani ya tofali.

5. Waya nao unataka njia

King'amuzi hakikai kwenye rafu ya meko, kwa sababu chenyewe hutoa joto na hapo huongezewa jingine. Waya wa umeme haupiti mbele ya mdomo wa moto. Kama soketi iko mbali, mwite fundi umeme aweke nyingine kabla ya siku ya kufunga.

6. Usizibe meko kwa ajili ya runinga

Ushauri huu naona ni mkubwa kuliko yote. Wapo wanaoamua kuziba dohani ili wapate ukuta salama. Juni ikifika, baridi inawashinda, na jiko la mkaa linaingizwa sebuleni madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi uliokuwa unatoka kwa dohani sasa hauna pa kutokea, na mkaa uliokolea hutoa kaboni monoksidi hata usipoonekana moshi wowote. Runinga salama imenunuliwa kwa hatari ya watoto waliolala chumba cha pili.

7. Sogeza viti kabla ya kutoboa

Watu huchagua ukuta wa meko kwa sababu makochi yameshauelekea. Kumbe kochi lina miguu. Mara nyingi runinga ikikaa kando ya meko kwenye kabati fupi, na kochi moja likageuzwa kidogo, moto na mechi vyote hupata watazamaji, na mgeni anayetaka kuota moto hazibi kioo. Anayechora ramani ya nyumba mpya ana nafasi nzuri zaidi: ukuta mmoja aupe meko, wa pembeni aupe runinga, na soketi ziwekwe huko mapema.

Hata hivyo, zipo sebule nyembamba zisizo na ukuta mwingine. Humo napima: rafu iwe pana, kipimajoto kibaki chini ya nyuzi 40 baada ya moto wa jioni nzima, ukuta usiwe na masizi, na makochi yawe mbali kiasi cha mita 3 na nusu au zaidi ili jicho lisipande sana. Yakitimia yote manne, nafunga bila ubishi. Likikosekana moja, namwonyesha mwenye nyumba ukuta wa pembeni, na kama hautaki, namwachia atafute fundi mwingine.