Kipimo Nacho Hupimwa: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Injini ya Boti

Anayenunua injini ya dizeli iliyotumika huko Kirando hana budi kuzikagua geji zake mbili: ya joto na ya mizunguko. Geji ya joto ikikosea, injini yaweza kuungua huku mshale ukionyesha hali shwari. Injini ikizima katikati ya Ziwa Tanganyika, hasara si ya fedha tu. Maisha ya abiria huwa hatarini.

Katika karakana za ndege, geji za injini za turbini hupimwa kwa kifaa kinachopeleka ishara ya umeme ambayo kiasi chake kinajulikana. Fundi hutazama iwapo geji inasoma kiasi hicho hicho. Mnunuzi wa injini ya boti aweza kufuata kanuni hiyo kwa njia nyepesi.

Geji ya joto. Injini ikiwa baridi na imezimwa, fundi aitoe sensa ya joto bila kukata waya wake, auunganishe mwili wake na chuma cha injini kwa waya mwingine, kisha aitumbukize ncha yake katika maji yanayochemka na kuwasha swichi ya geji. Ikumbukwe kuwa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi katika usawa wa bahari tu. Kirando, ufukweni mwa ziwa lililo takriban mita 770 juu ya usawa huo, huchemka kwa takriban nyuzi 97. Sumbawanga, takriban mita 1,800, kwa nyuzi 94. Hivyo geji isomayo 94 haina kosa Sumbawanga, lakini Kirando imepunguza nyuzi 3.

Geji ya mizunguko. Fundi abandike utepe unaong'aa kwenye puli ya injini, kisha asome mizunguko kwa kipimo cha mkono kinachotumia mwanga. Alinganishe mara mbili: injini ikiunguruma taratibu, na ikiwa imeongezwa mwendo. Geji isomayo 2,000 ilhali injini inazunguka mara 2,400 kwa dakika humfanya nahodha aichoshe injini bila kujua.

Majaribio haya yafanyike kabla ya malipo, na matokeo yaandikwe kwenye hati ya mauziano. Muuzaji akikataa geji zisipimwe, ni heri mnunuzi abaki na fedha zake. Akiuziwa kifaa bandia, aitunze risiti na kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani.