Somo la Bustani: Mkonge Usio na Miba

Ndugu Wanachama,

Walio na jamaa Mwanza wauliza habari za mkonge wa bustani, wenye majani laini ya kijani yenye mistari ya njano, wala hauna miba. Asili yake ni Meksiko, sawa na mkonge wa katani aliouleta Dk. Richard Hindorf huku Bara mwaka 1893, zama za Wajerumani. Lakini ule wa katani una mwiba mkali kwenye ncha ya jani, nao huwa sawa na jicho la mtoto. Mwenye watoto uani na apande huu.

Kwanza, udongo. Mmea huu hauvumilii maji yaliyotuama. Ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande penye mchanga wa kando ya majabali, ambao Wasukuma huuita luseni, si penye udongo mweusi wa mbuga.

Pili, mbegu. Karafuu twaziotesha kwa mbegu. Huu ukioteshwa hivyo mistari hupotea. Kata chipukizi lenye mistari shinani, liache kivulini siku chache jeraha likauke, ndipo ulipande. Jihadhari na utomvu, huwasha ngozi.

Tatu, likitokea chipukizi la kijani kitupu, liondoe upesi. Kijani ndicho kipikacho chakula cha mmea, kwa hiyo litakua kwa nguvu na kulifunika lenye mistari.

Mwisho, shina likishachanua hufa. Basi weka machipukizi ya akiba mapema.

Wenu,
Katibu